Siku nne Ukerewe: kuvua sangara na sato kwa ndoana, wewe na mwenzako

Watu wengi wakipanga safari ya kuvua huanza na ndoana. Anzeni na barafu, maana ndiyo inayoamua mtakaa siku ngapi na mtarudi na nini. Sangara akifa na kuachwa juani, kabla ya jioni nyama imelegea na harufu imebadilika, hata kama alivuliwa kwa ustadi wa namna gani. Maelezo haya ni ya watu wawili wanaotoka Mwanza, wanavuka Ziwa Victoria kwenda kisiwa cha Ukerewe, wanalala huko siku tatu na kurudi ya nne. Walio upande wa Kenya, Rusinga au Mfangano, watafuata hatua zilezile, ila huko sangara ni mbuta na vibali vinatafutwa kwa sheria za kwao.

Hesabu ya barafu

Kwa joto letu, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu iliyopondwa. Boksi la lita 60 lenye kuta nene linabeba takriban kilo 20 za samaki na kilo 20 za barafu, basi, halifungiki tena. Tatizo ni kwamba barafu inayeyuka hata kama boksi halina samaki. Mliyonunua Mwanza siku ya kwanza, siku ya tatu itakuwa imebaki kidogo sana, hasa kama boksi lilifunguliwa kila mtu alipotaka soda.

Kwa hiyo gawanyeni safari hivi: samaki wa siku mbili za kwanza ni wa kula, wa kurudisha majini, au wa kutia chumvi. Samaki wa kupeleka nyumbani ni wale wa jioni ya siku ya tatu na asubuhi ya siku ya nne. Mkilielewa hilo tangu mwanzo hamtakuwa na haja ya kujaza boksi siku ya kwanza halafu mkabaki kulinda mzigo unaooza.

Bebeni maboksi mawili. La kwanza ni la vinywaji na chakula, linafunguliwa ovyo. La pili ni la samaki. Lifungeni kwa kamba na lisiguswe mpaka siku ya tatu. Hili la pili litieni barafu ya mabonge makubwa, maana bonge linayeyuka taratibu kuliko iliyopondwa, kisha mtaliponda kwa nyundo wakati wa kupanga samaki. Juu yake wekeni chupa za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa: zikiyeyuka mnakunywa. Usiku wa kuamkia safari boksi lilazwe na chupa mbili za barafu ndani ili kuta zake zipoe. Boksi lililoshinda juani litakula barafu yenu kwa saa kadhaa kabla halijaanza kazi. Kwenye mialo mikubwa, yaani fukwe za kushushia samaki, wapo wanunuzi wenye barafu, lakini ile ni ya biashara yao, msiitegemee.

Njia, vibali na mtumbwi

Kutoka Mwanza kwenda Nansio, mji wa Ukerewe, kuna vyombo vya majini, safari ya takriban saa tatu kwa meli ya kawaida. Wenye gari hupita Bunda hadi Kisorya, wakavuka kwa kivuko kwenda Rugezi. Petroli msiibebe kwenye meli ya abiria, mtainunua Nansio.

Fikeni ofisi ya uvuvi mkaulize leseni ya kuvua kwa burudani, kisha mkifika kwenye mwalo mjitambulishe kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha pale. Hao ndio watakaowaambia wapi ni mazalia ya samaki na hapavuliwi. Mgeni anayeonekana usiku akizungukazunguka bila kujulikana hudhaniwa mwizi wa nyavu, na wizi wa nyavu ziwani ni kosa ambalo watu hawalisamehe kirahisi. Kama mnafikiria Rubondo, ile ni hifadhi ya taifa: uvuvi wake ni kwa kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ni safari nyingine yenye gharama nyingine.

Mtumbwi ukodiwe pamoja na nahodha wake. Wapo wanaotaka kwenda wawili tu ili wawe huru, lakini ziwa hili lina miamba inayoishia sentimita chache chini ya maji, na mwenye kuijua ni yule aliyezaliwa pale. Mahesabu yote ya chakula na maji, basi, ni ya watu watatu.

Injini ya kawaida huko ni ya nguvu farasi 15. Ikikimbizwa sana inakunywa lita tano hadi sita kwa saa. Ikienda polepole kwa kukokota chambo, lita moja na nusu hadi mbili. Kwa injini za kuchanganya mafuta, lita 20 za petroli zinatiwa mililita 400 za oili, lakini muulizeni nahodha, kwa sababu injini iliyochakaa mwenyewe huizidishia. Mafuta ya kila siku gawanyeni mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la tatu lisiguswe. Plagi ya akiba, spana yake na pini ya pangaboi viwe kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye mtumbwi. Makasia mawili pia. Na maboya ya kuvaa matatu, yavaliwe; lililokaliwa kama mto wa kiti halitamwokoa mtu.

Upepo ndio saa yenu

Usiku na alfajiri upepo mara nyingi hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa kuwa ardhi imepoa kuliko maji. Kuanzia karibu saa tano asubuhi hugeuka, ukavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawimbi hukua mpaka jioni. Maana yake kwa mwenye mtumbwi ni hii: injini ikizima asubuhi mnasukumwa nje, kusiko na mtu, ikizima alasiri mnasukumwa kwenye mawe. Kwa hiyo nanga iwe na kamba ya kutosha, angalau mara tatu ya kina cha maji. Nanga yenye kamba fupi inaburuzika tu.

Mvua za radi za ziwa hili hupenda usiku wa manane na alfajiri. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni, na kabla ya kuondoka mwangalie upeo wote wa ziwa, siyo juu ya vichwa vyenu tu. Mkiona wingu jeusi lenye mguu wa mvua unaogusa maji, au upepo ukatulia ghafla halafu ukaja baridi, kunjeni. Fimbo zilazwe chini, maana nyingi zina kaboni na hupitisha umeme.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na kuanzia saa kumi hadi giza linapoingia. Mchana ni wa kulala, kutafuta chambo na kutengeneza vifaa.

Vifaa

Kwa sangara kila mtu awe na fimbo moja ngumu ya mita mbili hivi, yenye rili inayobeba mita 200 za uzi wa kilo 25 hadi 30. Mwishoni ungeni mita moja na nusu ya nailoni nene, ya milimita 1 hivi. Waya hauhitajiki: meno ya sangara ni madogo na mengi, yanakwaruza kama msasa bila kukata. Uzi mwembamba hukatika kwa msuguano huo au kwa ncha kali za kifuniko cha shavu. Kila baada ya samaki pitisheni vidole kwenye nailoni. Ukihisi imekuwa na vinyuzi, kata kipande hicho ufunge upya. Uvivu wa dakika mbili hapa ndio unaopoteza samaki mkubwa wa safari nzima.

Ndoana za chambo hai ziwe 6/0 hadi 8/0. Wanaonunua kwa mara ya kwanza hukosea namba: zile zenye mkwaju na sifuri, namba ikikua ndoana inakua, zisizo na mkwaju, namba ikikua ndoana inapungua. Kwa hiyo 8/0 ni ya sangara na 8 tupu ni ya sato. Bebeni ndoana kubwa 20, ndogo 30, machubwi ya gramu 30 na 60 kumi kumi, maboya madogo manne, na viungo vya chuma vinavyozunguka ili uzi usijisokote.

Fundo: pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe ncha mara tano juu ya uzi wenyewe, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate, ndipo uvute taratibu. Nailoni inayokazwa ikiwa kavu hujichoma kwa msuguano. Fundo litaonekana zima, likivutwa na samaki linaachia palepale.

Breki ya rili ipimwe na mizani ya mkono kabla hamjaondoka. Kwa uzi wa kilo 25 ianze kuachia kwenye kilo 7 au 8. Mkizidisha, kitu kitakatika. Mkipunguza mno, sangara atafika kwenye mawe kabla hujajua unafanya nini.

Vingine: koleo refu, glovu za pamba, kulabu au wavu mpana wenye mpini, visu viwili na kinoo, chumvi kilo tano, taa za kichwani tatu. Chakula cha siku nne kwa watu watatu: unga kilo sita, mchele kilo tatu, mafuta ya kupikia lita moja, vitunguu, nyanya, ndimu na dagaa kidogo kwa ajili ya siku mtakayokosa, maana ipo. Maji ya kunywa na kupikia lita tano kwa mtu kwa siku, yaani madumu matatu ya lita 20.

Siku ya kwanza: chambo kwanza

Sangara wa ziwani anapenda samaki hai kuliko kipande cha nyama. Chambo cha kwanza ni furu, wale samaki wadogo wa kwenye mawe na matete. Cha pili ni kambale mdogo wa urefu wa kiganja. Furu huvuliwa kwa ndoana namba 12 au 14 na kipande cha nyungunyungu, pembeni kabisa mwa mawe, kina cha mita moja au mbili. Kambale huuzwa na vijana wa mwaloni, maana wavuvi wa mishipi mirefu nao huwahitaji.

Furu ni mzuri kwa kuvua lakini anakufa upesi. Ndoo ya lita 20 isizidi furu kumi, ikae kivulini, na nusu ya maji ibadilishwe kila baada ya dakika 20. Mkiona wanapanda juu kuvuta hewa, mmechelewa. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo hushinda kutwa kwenye maji machache bila shida. Ndoo ifunikwe tu, kwa sababu anaruka. Siku ya upepo mkali chagueni kambale.

Furu achomwe kwenye midomo yote miwili kama mtumbwi unasogea, au nyuma ya pezi la mgongoni, juu ya uti, kama mmetia nanga. Akichomwa chini sana uti unavunjika na anakufa papo hapo.

Kumvua sangara

Tafuteni mahali ambapo mwamba unaingia majini na kina kinashuka ghafla, kutoka mita nne hadi kumi na kuendelea. Sangara anahitaji maji yenye hewa nyingi. Katika miezi ya joto, takriban Septemba hadi Aprili, maji ya chini kabisa ya ziwa huishiwa hewa, hivyo anasogea juu na pembeni. Juni hadi Agosti upepo huyachanganya maji na samaki hutawanyika hata kwenye kina. Hapo kukokota chambo kunalipa kuliko kukaa mahali pamoja.

Kwa kukokota, tumieni chambo bandia chenye umbo la samaki, cha sentimita 12 hadi 18, kinachozama mita tatu hadi sita. Mwendo ni wa mtu anayetembea kwa haraka, kilomita tano hivi kwa saa. Fimbo moja iachie mita 25 za uzi, nyingine 40, ili mkikata kona zisisokotane. Pita sambamba na mwamba, usiukabili.

Angalieni maboya ya nyavu, ambayo mara nyingi ni madumu au vipande vya plastiki. Msipite kati ya mawili. Chini yake kuna wavu wa mtu. Pangaboi likinasa, zimeni injini, iinueni, mfungue kwa mkono. Ikibidi kukata, mtafuteni mwenyewe mwaloni mkamlipe.

Hapa ndipo faida ya kuwa wawili inapoonekana. Samaki akishika, mmoja anashika fimbo na haongei. Wa pili anakusanya mshipi wake mara moja, anaondoa ndoo na visu miguuni, kisha anachukua wavu. Nahodha anaweka mtumbwi mbali na mwamba. Kubalianeni maneno matatu kabla ya kuingia majini: “toa nje”, “simama”, “geuza”. Kelele za “vuta, mwanangu, vuta!” zimeshapoteza samaki wengi.

Mkitumia ndoana ya duara, usikurupuke kuvuta. Acha uzi ukaze, zungusha rili, ndoana itajishika yenyewe kwenye kona ya mdomo. Ukivuta kwa kishindo unamtoa mdomoni. Sangara huruka juu na kutikisa kichwa. Akianza kupanda, inamisha ncha ya fimbo mpaka karibu na maji bila kulegeza uzi. Mwenye wavu auzamishe kwanza, samaki aongozwe kichwa mbele mpaka ndani. Anayemfukuza samaki kwa wavu hugonga uzi.

Alama za vipimo zichorwe kwa rangi kwenye kasia: sentimita 25 na sentimita 50. Sangara chini ya 50 na sato chini ya 25 wanarudi majini. Wa kurudishwa abaki na maji, ashikwe kwa glovu zilizolowa, ndoana itolewe kwa koleo, kisha ashikiliwe wima kando ya mtumbwi mpaka apige mkia mwenyewe. Aliyetolewa kina kirefu huvimba tumbo kwa hewa na hawezi kuzama tena. Ndiyo maana kama nia yenu ni kurudisha, msivue kwenye kina kinachozidi mita kumi hivi.

Sato na wengine

Jioni za utulivu, sato wanapatikana pembeni mwa matete. Boya dogo, ndoana namba 6 au 8, nyungunyungu au donge la ugali mgumu uliokandwa na pamba kidogo ili usiyeyuke. Mwageni makombo ya ugali dakika kumi kabla. Sato hanyakui chambo, anakionja. Boya likilala ubavu au likitembea kando, inua. Mkikaa kimya mtapata wa kula usiku.

Gogogo atakuja tu bila kualikwa. Miiba yake ya mgongoni na ya mbavuni hujifunga wima, na ikikuchoma unaumwa usiku kucha. Mshike kwa koleo. Kamongo naye usimtie kidole mdomoni hata kama ametulia. Samaki wanaoelea wamekufa msiwaokote, hata wakionekana wabichi. Huenda wameuawa kwa sumu.

Kuhifadhi

Samaki wa kubaki auawe mara moja kwa pigo la kichwani, akatwe mashavu atoke damu, atolewe matumbo na mashavu yenyewe. Bondo la sangara, yaani kifuko chake cha hewa, msilitupe pamoja na matumbo. Lina bei yake mwaloni, na wanunuzi wataliulizia kabla ya samaki mwenyewe. Ndani ya boksi panga tabaka la barafu, samaki akiwa tumbo chini na barafu ndani ya tumbo, tabaka la barafu tena. Tundu la chini liachwe wazi kidogo. Samaki anayelala kwenye maji ya damu ya vuguvugu huharibika hata kama juu kuna barafu.

Wa siku mbili za kwanza mfanyeni kayabo, yule sangara wa chumvi anayeuzwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na kusafirishwa mpaka Congo. Mpasue kutoka mgongoni, mfungue kama kitabu, chanja nyama nene, paka chumvi kilo moja kwa kilo tatu za samaki. Alale kwenye ndoo iliyofunikwa usiku mmoja, kesho yake aanikwe juu ya kichanja. Chumvi ikiwa pungufu, nzi watataga kwenye mikunjo karibu na mfupa, na hutawaona mpaka umefika nyumbani. Ikinyesha, muingizeni ndani. Aliyelowa mvua atiwe chumvi tena.

Miili yenu

Ndoana ikikuingia kidole, kwanza kata uzi. Zungusha kipande cha mshipi kwenye pindo la ndoana, bonyeza shina lake chini ligusane na ngozi, mwenzako avute mshipi kwa ghafla, sambamba na ngozi. Karibu na jicho msiguse, nendeni hospitali. Wengi hubonyeza meno ya ndoana yalale kabla ya safari, na samaki hawapotei kwa sababu hiyo kama uzi haulegei.

Laleni kwenye chandarua, mbali na njia ya kiboko. Njia hiyo utaiona: majani yamelala na kinyesi kimetapanywa kandokando. Vyombo na samaki visioshwe mahali pamoja kila jioni. Mamba hujifunza saa zenu.

Kichocho kimo kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, na vijidudu vyake huwa vingi zaidi kuanzia karibu saa nne asubuhi hadi alasiri. Shukeni kwenye mtumbwi mkiwa na buti za mpira. Ogeni maji yaliyochemshwa, au yaliyochotwa na kukaa siku mbili kwenye dumu. Hata mkijilinda, pangeni wote wawili kupima kati ya wiki ya sita na ya nane baada ya kurudi. Mkipima wiki ya kwanza majibu yanaweza kusema hamna kitu na ugonjwa upo. Dawa yake ni prazikuanteli, na kipimo chake hutolewa kwa uzito wa mtu, hivyo msigawane vidonge vya mmoja.